Kwanza Vyoo, Moyo Baadaye?

Mijadala ya afya ya mitaa ya mabanda Nairobi ina kufuli lake, nalo ni maneno mawili: "Kwanza vyoo." Taja saratani, utajibiwa hivyo. Taja figo, utaambiwa maji safi. Na ukithubutu kutaja difibrileta ya kupandikizwa, kile kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuurudisha moyo ulioanza kupiga ovyo, wasomi watakutazama kwa huruma kisha wacheke. Kibera? Kawangware? Watu wanalala na njaa, nawe unawaletea mitambo ya Ulaya?

Hoja hiyo hupendwa kwa sababu ina sura ya utu. Anayeisema huonekana ameketi na maskini na kumwelewa, na ndiyo maana hakuna anayemkatiza. Mimi namkatiza. Vyoo vijengwe, hata vikianza kujengwa leo jioni. Ninachokataa ni ule utaratibu wa kupanga shida za maskini kwenye foleni na kumwambia mgonjwa wa moyo asimame mkiani, huku aliyeipanga hajengi choo wala haleti mashine.

Na tusidanganyane kwamba kifaa hiki ni kigeni machoni pa watu wa mitaa hiyo. Aliyekuwa kwenye banda la mpira jioni ya 12 Juni 2021 alimwona Christian Eriksen wa Denmark akianguka uwanjani Copenhagen dakika chache kabla ya mapumziko, bila kuguswa na mtu. Walimkandamiza kifua, wakampiga shoti ya umeme, akarudi. Baadaye akapandikizwa difibrileta. Sheria za Italia, alikokuwa akichezea Inter, hazikumruhusu kucheza na kifaa hicho, basi mwaka uliofuata akaenda Brentford, kisha Manchester United. Mashabiki wa United wa Makina huko Kibera na Gatina huko Kawangware walimtazama mtu mwenye mashine kifuani akipiga kona na kugawa pasi. Miaka 18 kabla yake, tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon vivyo hivyo, bila kuguswa, na hakuamka. Msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kwa maradhi. Sijasikia shabiki yeyote akisema kwamba Foé alihitaji choo kwanza.

Kazi ya kifaa si fumbo. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa damu ulio chini ya mtulinga hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo. Kisanduku kilichounganishwa nao husikiliza kila pigo, usiku na mchana. Vyumba vya chini vikianza kukimbia kupita kiasi, au kutetemeka tu bila kusukuma damu, kisanduku hujaza chaji kwa sekunde chache na kupiga shoti. Pesimeka, ambayo wengi huichanganya nacho, ni ya moyo unaozubaa. Hiki ni cha moyo uliopagawa.

Nguzo ya kwanza ya watu wa "kwanza vyoo" ni imani kwamba moyo ni ugonjwa wa mitaa ya kitajiri, Karen na Lavington: watu wa nyama choma, magari na viti vya kuzunguka. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha uchunguzi walioufanya Kibera. Zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa na presha ya juu, na wengi wa waliokuwa nayo hawakujua. Presha isiyotibiwa huuchosha msuli wa moyo, ukanenepa, kisha ukatanuka na kulegea, na moyo wa namna hiyo ndio unaoweza kupagawa usiku mmoja bila taarifa. Utafiti mwingine, THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulifuata wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikubwa kilikuwa presha. Katika siku 180, zaidi ya mmoja kati ya sita alikuwa amekufa. Ulaya, wagonjwa kama hao kwa kawaida ni wazee waliokwisha kustaafu. Miaka 52 Kawangware ni mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda mjengo, ana mtoto kidato cha pili, na mama yake mzazi kijijini bado anamtegemea.

Kwa nini basi hatuvioni vifo hivi? Kwa sababu hakuna anayevihesabu. Mtu ameamka, ameteka maji, ameanguka mlangoni. Majirani watasema ni presha. Wengine watanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Chifu anaarifiwa, mwili unapelekwa City Mortuary, mchango unaanza kwenye kundi la WhatsApp, na wiki ya pili basi linaondoka usiku kuelekea Vihiga au Siaya. Kwa Wanubi wa Makina, ambao ni Waislamu, mazishi hayangoji hata kesho. Popote pale, ni nadra kifua kufunguliwa kutazamwa kilichotokea. Halafu mtaalamu anakaa na takwimu zisizo na maiti hizo na kutangaza kwamba tatizo si kubwa.

(Niongeze hapa kwamba Nairobi ina ukarimu wa ajabu kwa maiti. Familia ambayo ingeambiwa haiwezi kuchangia matibabu huchangisha jeneza, basi, hema na chakula cha waombolezaji kwa siku kumi. Siwalaumu. Nasema tu kwamba anayedai watu hawa hawana uwezo wa kuchanga hajawahi kuwekwa kwenye kundi la mazishi.)

Tuje kwenye jambo ambalo wapinzani hudhani linawasaidia: mazingira. Wanasema kifaa cha kisasa hakina nafasi kwenye mtaa ambao hata ambulensi haifiki. Nadhani wameishika hoja kichwa chini. Moyo ukishaanza kutetemeka, kila dakika inayopita bila shoti hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa simama Gatwekera, ndani ya Kibera. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mbagathi ziko karibu. Mtu mzima mwenye afya anafika kwa miguu. Lakini vichochoro vina mtaro katikati, vingine vina upana wa mabega mawili, na mgonjwa hubebwa kwa blanketi, kwa mkokoteni, au hubanwa kwenye boda boda kati ya dereva na jirani anayemshikilia asianguke. Hapo hatujafika lami, na hatujakutana na msongamano. Eriksen alikuwa na madaktari waliosimama hatua chache tu na mashine ya shoti tayari. Mji kama Copenhagen unaweza kumudu kuchelewa kidogo kumpandikiza mtu kifaa, maana msaada uko ukutani, kwenye mashine za shoti, na barabarani, kwenye ambulensi. Mgonjwa wa Gatwekera ambaye daktari ameshajua kwamba moyo wake ni wa hatari hana ukuta wala barabara. Msaada pekee utakaomfikia ndani ya dakika tano ni ule alioubeba mwilini mwake. Kwa hiyo ukosefu wa ambulensi ni sababu ya kumpa kifaa.

Wapinzani wa kifaa wenye uzito wapo, nami nawaheshimu kuliko hawa wa "kwanza vyoo". Mkubwa wao alikuwa Bernard Lown wa Boston, daktari yule yule aliyetuletea mashine ya shoti ya nje ya mwili mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa madaktari wanaopinga silaha za nyuklia, ulioshinda Nobeli ya Amani 1985. Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw, alipotangaza wazo la kuipunguza mashine hiyo hadi iingie mwilini, Lown aliandika mwaka 1972 kwamba ni suluhisho lenye kasoro linalotafuta pa kutumika. Mirowski alikuwa na sababu yake ya kukaidi. Mkuu wake wa kazi nchini Israeli, Harry Heller, alikufa mwaka 1966 kwa mapigo ya moyo yaliyovurugika, akijulikana fika kwamba ni mgonjwa. Hakuna aliyeweza kukaa kando yake na mashine saa ishirini na nne. Tarehe 4 Februari 1980, hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, mgonjwa wa kwanza akapandikizwa. Mwaka 1997 jaribio la AVID likaonyesha kwamba watu walioponea chupuchupu mapigo ya hatari huishi zaidi wakiwa na kifaa kuliko wakiwa na dawa za mapigo peke yake.

Lakini Lown hakukosea kila kitu. Aliogopa biashara, na biashara ikaja. Utafiti wa 2011 nchini Marekani ulikuta kwamba zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya watano waliowekewa kifaa hakutimiza vigezo vilivyothibitishwa. Wao wamezidisha. Huku kwetu mgonjwa wa mtaani haulizwi hata swali.

Jaribio ambalo wapinzani hulipenda zaidi ni la Denmark, lililochapishwa 2016, lenye wagonjwa 1,116 ambao mioyo yao ilikuwa dhaifu bila mishipa yake kuziba. Kwa maneno mengine, wanaofanana zaidi na wetu. Kifaa hakikupunguza vifo kwa jumla. Wakifika hapo hufunga karatasi. Wangesoma mbele kidogo wangeona kwamba vifo vya ghafla vilipungua kwa karibu nusu, na kwamba wagonjwa wenye umri mdogo ndio walioonekana kunufaika, kwa sababu wazee walikufa kwa mambo mengine kabla kifaa hakijapata kazi. Rudi sasa kwenye ule wastani wa miaka 52. Sidai kwamba jambo limekwisha. Jaribio kama hilo halijafanywa kwa watu wa Kawangware. Ila anayetumia utafiti wa Denmark kumnyima mgonjwa wa Nairobi autumie wote, na sehemu isiyompendeza.

Na kuna historia ambayo watu wa Kibera wana haki ya kuirusha mezani. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu kama dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Hoja zilizotolewa wakati ule ukizisikia leo utadhani zimenakiliwa: ni ghali mno, hospitali hazina uwezo, hakuna wa kuwafuatilia, na pesa hizo zifanye kinga kwanza. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alifika mahali pa kusema kwamba Waafrika wengi hawajawahi kuona saa maishani mwao, basi watamezaje dawa kwa wakati? Februari mwaka huo huo kampuni ya Cipla ya India ikatangaza bei ya dola 350. Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Madaktari Wasio na Mipaka wakazitoa bure katika zahanati za Kibera kwenyewe, kwa watu wa nyumba za mabati na udongo. Walimeza. Walirudi kliniki kwa tarehe zao, wakapanga vikundi vya kutafutana, mwenye kusafiri akamwachia mwenzake kadi. Shirika hilo lilipokabidhi kituo cha Kibera South kwa kaunti mwaka 2017, lilikuwa limekwisha kuingiza presha, kisukari na kifafa katika huduma hizo hizo, kwa utaratibu ule ule wa kufuatilia.

Najua vidonge si upasuaji. Najua pia kwamba hakuna Cipla ya difibrileta iliyokuja na bei ya kuangusha soko, na kwamba gharama yake katika hospitali za kibinafsi za Nairobi, ambako hupandikizwa, ni fedha ambazo kibarua wa mjengo hazioni kwa miaka. Kitu kilicho karibu zaidi na unafuu huo ni kifaa kilichokwisha kutumika, na hapa ndipo watu wa heshima wanaporuka juu: mnataka kuwawekea maskini mitumba ya maiti!

Toi Market iko pembeni mwa Kibera. Pale hakuna anayeuliza shati lilivaliwa na nani; mtu hukagua mshono, hukagua ukosi, akiridhika hulipa. Tukague basi. Marekani na Ulaya, maiti ikipelekwa kuchomwa, vifaa vya moyo hutolewa kwanza kwa sababu betri hulipuka ndani ya tanuri. Vingi huishia takatakani au kwenye droo, betri zikiwa bado na miaka. Madaktari wa Montreal waliviosha, wakavitakasa na kuvipeleka Mexico, Guatemala, Honduras na Jamhuri ya Dominika, na mwaka 2020 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 1,051 wa pesimeka na difibrileta. Baada ya miaka miwili, asilimia 2 walikuwa wamepata maambukizi, dhidi ya asilimia 1.2 ya wagonjwa wa Canada waliowekewa vipya. Tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na uzito, na hakuna aliyekufa kwa maambukizi hayo. Mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambao Kenya ni mojawapo ya nchi zake, ulitoa mwishoni mwa 2024 matokeo ya pesimeka zilizofanyiwa ukarabati, nazo hazikuwa nyuma ya mpya. Mshono umekaguliwa. Anayesema ni dharau amuulize anayesubiri.

Masharti yapo. Kifaa cha msaada bila mashine ya kukisoma ni mzigo, na kila kampuni ina mashine yake. Mgonjwa lazima aonekane kila baada ya miezi michache, betri ijulikane, na mtu aliyefunzwa ajibu simu usiku shoti zikifuatana. Hospitali isiyoweza hayo isipokee hata boksi moja.

Wengine huleta suala la stima. Kweli, kwenye sambaza, umeme wa kuunganishwa kinyemela, nyaya zinaning'inia hadi usawa wa kichwa, na umeme unaovuja kwenye bati au bomba unaweza kukidanganya kifaa kikadhani moyo umevurugika, kikapiga shoti isiyohitajika. Fundi wa kuchomelea naye ana la kujihadhari: watengenezaji humtaka asogeze kifua angalau sentimita 60 kutoka kwenye cheche na asitumie mkondo mkubwa. Haya ni mambo ya kumweleza mtu kwa Kiswahili chepesi kabla ya kumpasua. Hakuna anayemnyima fundi wa Lavington kifaa kwa sababu nyumba yake ina stima.

Kuhusu pesa, naomba kumbukumbu ziwe ndefu kidogo. Mwaka 2015 serikali ilikodi mitambo ya hospitali kwa kaunti zote 47, kwa mkataba wa mwanzo wa shilingi bilioni 38. Maseneta walipokuja kuchunguza, walikuta mashine zimekaa bila stima, bila maji au bila mtu wa kuziendesha. Siku mikataba ile inatiwa saini sikusikia mtu akisema kwanza vyoo. Maneno hayo huonekana kuamka tu pale mwenye kunufaika anapokuwa maskini mwenye jina na kitanda. Na tangu 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, mama mboga wa Kawangware anatakiwa kulipa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena aulipe wa mwaka mzima kwa mkupuo, na sheria imeunda mfuko maalumu wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Akichanga, ana haki ya kuuliza mfuko huo unaufikia moyo wake wapi.

Sasa utaratibu, maana sitaki kusingiziwa kwamba nataka kila mwenye presha apasuliwe. Ingia duka la dawa lolote kwenye barabara ya Naivasha, Kawangware. Mgonjwa wa moyo ananunua dawa kwa kuhesabiwa vidonge: vya siku tatu, vya siku mbili. Mara nyingi ataacha ile ya kutuliza mapigo kwa sababu haioni kazi yake, na atashikilia ya kukojoa kwa sababu miguu inapungua kuvimba. Dawa hiyo ya kukojoa hutoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikishuka moyo dhaifu unapata njia ya kupagawa. Kipimo cha potasiamu, mashine ya ECG yenye karatasi zake na mtu wa kuisoma kwa simu, na dawa za mwezi mzima vikiwa kwenye vituo vya afya vya Kibera South na Riruta vitazuia vifo vingi kuliko kifaa chochote. Mama aliyepata udhaifu wa moyo baada ya kujifungua apewe dawa na muda kwanza. Wengi moyo wao hurudi. Mwenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi anahitaji daktari wa valvu.

Wanaobaki ni wachache, na wanaweza kutajwa: aliyeanguka, akafufuliwa, na chanzo kisiwe kitu cha kupita, kijana ambaye kaka yake alikufa ghafla na eko, ile picha ya moyo, imeonyesha moyo mnene kama wa kaka, mwenye moyo uliobaki dhaifu baada ya miezi ya dawa kamili. Leo mgonjwa kama huyo kutoka Kibera huruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge, na kwenye faili lake halitajwi neno difibrileta, kwa kuwa daktari ameshaona anwani na akaamua kutomsumbua. Liandikwe. Daktari aandike kwamba mgonjwa huyu anastahili kifaa na hakukipata, na aandike sababu: bei, betri, mashine ya kusoma, au hakuna wodi. Wizara iyakusanye mafaili hayo kwa mwaka mmoja kutoka Kenyatta, Mbagathi na vituo vya mitaani, iyatoe hadharani, na mabishano ya bei yaanzie kwenye idadi hiyo.